Maisha ya Askofu Edward Steere, Aliyejifunza Kusema na Watu wa Unguja

Katika kijitabu hiki cha Yubile yatupasa kuwakumbuka wazee waliotutangulia katika kazi. Wengine walijenga, wengine walifundisha, wengine waliwauguza wagonjwa, na wengine walikufa kwa homa kabla ya kuona matunda ya taabu yao. Lakini kwa habari ya lugha tunayosalia na kufundishia, deni letu kubwa ni kwa Edward Steere, askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyojulikana kwa herufi zake U.M.C.A. Wengi wetu tumeliona kaburi lake nyuma ya altare katika Kanisa Kuu la Mkunazini, na walimu wamevisikia vitabu vyake. Walakini ni wachache wanaofikiri jinsi alivyokuwa siku ile aliposhuka chomboni, mtu mzima, mwanachuoni, wala hawezi kuuliza njia. Habari tutakayoisimulia hapa ni jinsi alivyotoka katika ububu ule hata akawa mtu wa kuzungumza na kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma katika chuo cha University College katika mji ule ule, akafuzu sheria, na mwaka 1850 akapewa daraja ya daktari wa sheria, akaruhusiwa kusimama barazani kuwa wakili. Tena alikuwa mtu wa kazi za mikono: tangu ujana wake alijifunza kupiga chapa vitabu, na ufundi huo ulimfaa sana baadaye. Lakini moyo wake haukutulia katika uwakili. Akauacha, akafanywa shemasi mwaka 1856 na padre mwaka 1858, akatumikia Devon, kisha Skegness katika Lincolnshire, na tangu 1862 akawa padre wa kijiji cha Little Steeping. Huko alikuwa na rafiki yake jirani, jina lake William George Tozer.

Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa imeanzishwa kwa ajili ya maneno aliyoyanena David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kando ya mto Shire mwezi wa Januari 1862. Mwaka uliofuata Tozer aliwekwa askofu mahali pake, na Steere akakubali kumsindikiza kwa muda mfupi tu, kumsaidia rafiki yake. Walikwenda Zambezi, wakakaa katika mlima wa Morumbala, wakaona ya kuwa mahali pale hapafai kwa sababu ya maradhi na vita. Ndipo Askofu Tozer alipokata shauri kuanza upya Unguja, na mwisho wa mwezi wa Agosti 1864 wawili hawa wakafika bandarini. Ule muda mfupi ukawa kazi ya maisha yote.

Inafaa tukumbuke Unguja ilivyokuwa wakati ule. Sultani alikuwa Seyyid Majid bin Said. Mji ulijaa watu wa kila namna: Waarabu wa Manga, Wahindi wenye maduka, Wangazija, Washihiri, Waswahili wa mji na Wahadimu wa mashamba. Na katikati ya mji palikuwa na soko la watumwa, ambapo watu kwa maelfu waliuzwa kila mwaka, waume kwa wake na watoto, waliotoka bara kwa njia ya Kilwa. Watu hawa walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wagindo, Wanyamwezi na wengineo, kila mmoja na lugha yake. Lakini mnunuzi na muuzaji, mpagazi na nahodha, kadhi na mwashi, wote walikutana katika Kiswahili. Mtu asiyekijua alikuwa kama kiziwi sokoni.

Haukupita muda mrefu, Sultani akawapa wageni hawa watoto watano wanaume waliokamatwa katika jahazi iliyochukua watumwa kinyume cha sheria. Mmoja wao ndiye Swedi, ambaye baadaye aliitwa John Swedi. Watoto walikuwa na hofu kubwa, kwa maana walikuwa wameambiwa ya kuwa wazungu hula watu. Sasa fikirini, wasomaji. Hapa wako watu wazima wawili wenye nia njema, na hapa wako watoto watano wanaotetemeka, na kati yao hapana neno hata moja la kuiondoa hofu ile. Chakula kikiletwa, mtoto huenda akadhani ananoneshwa. Mlango ukifungwa, hudhani ndiyo siku yake. Nia njema isiyo na ulimi haijulikani kuwa ni nia njema. Basi kujifunza kusema hakukuwa kwa Steere pambo la elimu, wala kazi ya kungoja apate nafasi. Ilikuwa haja ya siku ile ile.

Alikuwa na nini cha kuanzia? Kitabu cha sarufi na orodha ya maneno ya Dakta Krapf, mmisionari wa Mombasa, na sehemu ya Kitabu cha Sala aliyoifasiri yeye. Akapata pia kunakili orodha ya maneno iliyokuwa ya Johannes Rebmann, mwenziwe Krapf. Vitabu hivi vilikuwa msaada mkubwa, na waliovitunga wastahili heshima, kwa maana wao ndio waliofyeka njia. Lakini vilitoka Mombasa, na watu wa Mombasa husema Kimvita. Penye njia wao husema ndia, penye njaa husema ndaa, penye mchele husema mtele, na aliye mbele yao akiwa na furaha, husema anateka. Katika Unguja, kuteka ni kuteka maji kisimani. Mgeni aliyejifunza kwa kitabu tu angetaka kusema habari ya mtu anayecheka, nao wasikiaji wangetafuta ndoo iko wapi. Steere aliona upesi ya kuwa haimpasi kutegemea vitabu vya mahali pengine. Akaanza kukusanya maneno yeye mwenyewe, kutoka vinywani mwa watu wa Unguja, na kuyapanga.

Hapo ndipo tunapoona hekima yake. Watu wengi wenye elimu, wakiingia katika lugha ngeni, huona haya kusema kabla hawajaijua. Hujifungia chumbani na kitabu mwaka mzima, wakitumaini kutoka siku moja na maneno yaliyo kamili. Mtu aliyezoea kusikilizwa ni vigumu kwake kukubali kuwa kama mtoto mchanga, asahihishwe na watu wa sokoni. Daktari huyu wa sheria alikubali. Wahenga wetu wamesema kuuliza si ujinga, naye aliuliza. Miongoni mwa waliomjibu alikuwako kijana Mswahili mwenye akili, aliyeitwa Hamisi wa Kayi, aliyekuwa na kipawa cha kutambua mgeni anataka kujua nini, na kumweleza jambo gumu mpaka likawa jepesi. Walimu wajua ya kuwa kipawa hiki ni adimu. Wako wengi wanaoijua lugha yao, lakini ni wachache wawezao kumwona mgeni alipokwama, na kumnyoshea mkono pale pale.

Akapata rafiki pia katika wanavyuoni wa mji. Sheikh Abdul Aziz, mtu mwenye elimu, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi. Habari hii haifai kusahauliwa katika siku za Yubile. Waislamu wa Unguja ndio waliomfundisha askofu wa Kikristo kusema. Hawakumficha lugha yao, wala yeye hakuona aibu kuketi mbele yao kama mwanafunzi. Maneno mengi tunayoyatamka leo kanisani, kama sala, imani, rehema, dhambi na neema, yalikuwa midomoni mwao kabla hayajafika katika vitabu vyetu. Sisi tunaokaa Mangapwani, ambako jirani zetu karibu wote ni Waislamu, twaona ni vema jambo hili lisomwe na kila mtu.

Tusimame hapa kidogo, tuwaonyeshe walimu kwa nini kuzungumza mapema ni darasa lenyewe. Angalieni salamu yetu ya kila siku. Mgeni asiyefundishwa hutupa neno moja tu, jambo, akapita. Lakini akisimama azungumze, atasikia hujambo, naye atafundishwa kujibu sijambo. Akiulizia mtoto wa nyumbani, ataambiwa hajambo. Wakiwa wengi, watamwambia hatujambo. Akiwauliza wao, atasema hamjambo. Akiulizia walio mbali, ataambiwa hawajambo. Basi katika salamu moja, iliyosemwa mlangoni kwa muda wa kunywa maji, mgeni amekwisha pata viambishi vyote sita vya kukana: si, hu, ha, hatu, ham, hawa. Sarufi ambayo ingemchukua siku nyingi kitabuni, ameipokea kwa jirani bila kujua, na zaidi ya sarufi amepata jirani.

Tena kuna maneno ambayo kitabu peke yake humpoteza mtu. Mgeni akimwuliza mzee wa Unguja wa zamani hali yake, na mzee akamjibu kwamba hawezi, mgeni atauliza hawezi kufanya nini. Lakini kwa desturi ya lugha, asemaye siwezi asema kuwa ni mgonjwa. Akiambiwa aje saa moja asubuhi, mgeni atasubiri usiku wa manane, maana kwao saa huanza kuhesabiwa usiku huo, na kwetu saa za mchana huhesabiwa tangu jua kuchomoza. Hayo hayafahamiki ila kwa kuzungumza, kukosea, kuchekwa, na kuanza tena. Steere aliyaweka haya katika vitabu vyake. Hakuishia katika maneno matupu na sarufi, bali aliongeza semi wasemazo watu kila siku, na mifano ya barua jinsi Waswahili wanavyoandikiana. Hata kinyume hakukidharau, yaani ule mchezo wa kugeuza silabi za neno ili mwingine asifahamu. Alikitia katika kitabu, kwa sababu watu walikisema.

Matunda ya kwanza yalionekana upesi. Mwaka 1865, baada ya kukaa Unguja kwa muda wa mwaka hivi, alikwisha piga chapa mkusanyo wake wa kwanza wa maneno na kanuni za Kiswahili kama kisemwavyo Unguja. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kupigia chapa, naye akawafundisha watoto wa shule kupanga herufi. Hebu tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Watoto waliodhani kuwa wataliwa, sasa wanashika herufi za risasi vidoleni, wanapanga maneno ya lugha ambayo wao pia walikuwa wakijifunza.

Maana jambo hili husahauliwa: Kiswahili kilikuwa kigeni kwa Steere, na kilikuwa kigeni kwa watoto vilevile. Myao hakufahamiana na Mgindo, wala Mmakua na Mnyamwezi. Katika shule ya Kiungani, kusini ya mji, walikutana watoto waliotoka nchi zilizo mbali kwa safari ya miezi, na lugha moja tu iliyowezekana kati yao ilikuwa ile waliyoikuta pwani. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa njia moja, kila mmoja akijikwaa. Twaamini ya kuwa hili lilimfaa mtoto, kwa sababu mtoto hamwogopi sana mkubwa ambaye naye hukosea.

Walakini tusifiche upande wa pili. Mtoto aliyepata lugha mpya mara nyingi huipoteza ya mama yake. Watoto wale walikuwa wamekwisha pokonywa baba, mama, kijiji na jina; sasa lugha nayo ilikuwa ikififia kinywani. Steere aliliona jambo hili. Akawauliza watu waliokuwapo Unguja, akaandika maneno ya lugha zao: mwaka 1867 alipiga chapa mkusanyo wa Kishambala, mwaka 1869 mifano ya Kigindo, Kizaramo na Kingazija, mwaka 1871 Kiyao, na mwaka 1876 Kimakonde. Yule aliyeuzwa sokoni kama mbuzi aliulizwa sasa neno la kwao la maji, la moto, la mama, na mtu mwenye elimu akakaa kimya na kalamu, akimngoja ajibu. Hatujui heshima iliyo kubwa kuliko hiyo kwa mtu aliyenyang'anywa kila kitu.

Njia nyingine aliyoipenda ilikuwa hadithi. Sisi sote tumelelewa na paukwa na pakawa, twajua ya kuwa hadithi huanza jioni, kazi zikiisha, na kwamba aliye hodari wa kusimulia hugeuza sauti yake, mara awe simba, mara awe sungura. Steere alizisikiliza, akaziandika kama zilivyosimuliwa, akazitoa katika kitabu mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo mna habari ya kima na papa na punda wa dobi, mna Sultani Darai, mna Liongo. Wageni wengine wakati ule walidhani ya kuwa watu wa pwani hawana fasihi yao wenyewe. Kitabu hiki kiliwajibu bila ugomvi. Na kwa mwenye kujifunza lugha, hadithi ni mwalimu mkuu, kwa sababu ndani yake watu huulizana, hudanganyana, huombana radhi, huagana; ni mazungumzo matupu yaliyofungwa katika kamba moja.

Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza. Huko hakulala. Injili ya Mathayo kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1869, Zaburi mwaka 1871, na mwaka 1870 kikatoka kile kitabu chake kikubwa cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, ambamo aliyapanga majina katika makundi manane kwa kufuata viambishi vyake. Kitabu hicho kilitumiwa na wageni wengi, maofisa, wafanya biashara na wamisionari, kwa muda wa miaka mingi, na baada ya kufa kwake kilisahihishwa na A. C. Madan.

Kisha mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja nyumba na vyombo. Misheni ilikuwa dhaifu, Askofu Tozer alikuwa mgonjwa, na katika mwaka ule ule Steere akarudi. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa kuchukuliwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale.

Lakini soko likifungwa mjini, uovu huhamia mashambani. Hapa petu Mangapwani, zaidi ya kilometa 20 kaskazini ya mji, kiko hata leo chumba kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe karibu na ufuko, kina dari na ngazi nyembamba za kushukia. Wazee husimulia ya kuwa humo watu walifichwa baada ya biashara kukatazwa, wakingojea jahazi ije usiku kuwachukua. Karibu nacho liko pango la asili lenye maji baridi. Ye yote aliyeshuka chumbani mle amesikia jinsi sauti inavyozibwa na mawe. Tufikiri watu waliokaa humo gizani, wengine hawajui lugha ya aliye bega kwa bega nao. Bila shaka walijaribu, neno hapa na neno pale, kuulizana maji, kuulizana wapelekwa wapi. Kujifunza kusema upesi huenda kukawa kazi ya mwanachuoni mezani, na huenda kukawa kazi ya mfungwa asiyeonana uso na mwenziwe. Haja ni moja: mtu asiachwe peke yake.

Katika miaka ile mashua za manowari ya Kiingereza iliyoitwa London zilizunguka baharini, zikazikamata jahazi za namna hiyo, na watoto wengi waliookolewa walipewa Misheni. Safari hii walipofika walikuta jambo ambalo wale watano wa kwanza hawakulikuta. Walikuta watu wa kusema nao. Walikuwako wenzao waliotoka nchi zao, na walikuwako wazungu waliojua kusalimu, kuuliza jina, na kueleza kwamba hakuna atakayekula mtu. Kazi iliyoanzwa mwaka 1864 kwa neno moja moja ilikuwa imekuwa daraja.

Tozer alijiuzulu mwaka 1873, na tarehe 24 Agosti 1874 Steere akawekwa kuwa askofu. Katika kiwanja cha soko, kabla kanisa halijasimama, kulikuwa na kibanda cha udongo na makuti, naye akahubiri humo kwa Kiswahili, na watu wa mji wakaja kusikiliza na kuhojiana naye. Yatupasa kulipima jambo hili. Kuhubiri mbele ya watu wanaokubaliana nawe ni rahisi. Lakini kusimama katika lugha ya wenyeji, mbele ya wanavyuoni wanaoijua kuliko wewe, wakakuuliza maswali, ukajibu papo kwa papo, hicho ndicho kipimo cha mazungumzo. Haiwezekani kukimbilia kamusi mtu anapongoja jibu.

Katika kazi ya ujenzi pia alisimama mwenyewe na mafundi. Dari la kanisa lile ni la mviringo, la matumbawe na saruji, bila boriti, na watu wengi walidhani litaanguka. Halikuanguka. Ibada ya kwanza ilifanywa siku ya Krismasi 1879. Kati ya hayo alisafiri bara: mwaka 1875 alifika Mwembe kwa Mataka, mkuu wa Wayao, na mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliopewa uhuru, wakarudi upande wa kwao, wakakaa Masasi. Mwaka 1879 John Swedi, yule mtoto wa kwanza, akafanywa shemasi. Na mwaka 1890, Steere akiwa amekwisha fariki, Cecil Majaliwa, Myao aliyesoma Kiungani, akawa padre wa kwanza Mwafrika wa Misheni hii; naye alitumikia Chitangali, kati ya Wayao wenziwe. Hivyo lugha zilizodhaniwa kupotea zilipata tena vinywa.

Steere alijua tofauti ya kusema na kufasiri. Asemaye huweza kukosea, akasahihishwa, wakaendelea. Afasiriye huacha neno lake karatasini, lisomwe na watu asiowaona. Kwa sababu hiyo hakufasiri kama mtu aliyejifungia, bali aliyapima maneno yake kwa masikio ya wenyeji. Aliona heri Kiswahili kisikike kuwa Kiswahili. Kazi ya Agano Jipya aliimaliza, na Biblia nzima ilipigwa chapa miaka michache baada ya kufa kwake, kwa mikono ya wengine waliojenga juu ya msingi wake.

Mwaka 1882 alikwenda Uingereza kwa muda, akarudi Unguja akiwa amechoka. Siku chache tu baada ya kufika, mwezi wa Agosti, alifariki nyumbani Mkunazini, umri wake miaka 54. Akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga, mahali ambapo watu walikuwa wakiuzwa bila kuulizwa neno.

Kazi yake haikuzikwa pamoja naye. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanywa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Sababu zilikuwa nyingi: biashara na misafara ilikuwa imekwisha kieneza Kiunguja mpaka bara ya mbali. Lakini mojawapo ya sababu ni kwamba Kiunguja kilikuwa kimekwisha andikwa vitabu, na vitabu hivyo vingi asili yake ni ile kalamu iliyongoja majibu ya Hamisi wa Kayi. Kimvita nacho, chenye tenzi zake tukufu, hakikufa kwa hilo, wala hakipaswi kudharauliwa. Ni ndugu wa kale.

Sasa ninyi walimu, mna watoto wanaoanza lugha ngeni darasani, na mna wageni wanaoanza lugha yetu mlangoni. Msiwaache wakae kimya mpaka wajue. Wapeni salamu siku ya kwanza, swali siku ya pili, na hadithi siku ya tatu. Mtoto akikosea, msahihisheni kama Hamisi alivyofanya, kwa kutazama alipokwama. Mtu akiwacheka wenziwe kwa makosa ya ulimi, mwambieni ya kuwa askofu aliyelala Mkunazini alianza hapo hapo. Nanyi washarika, mgeni akipita Mangapwani kutazama kile chumba cha mawe, msimwache ashuke na kupanda bila neno. Msalimuni, mngojeeni ajibu, hata akichelewa.